Kupiga makro ya kuzidi 1:1 bila kufilisika: lenzi, mwanga na kuunganisha picha

Mtu akitaka kupiga jicho la nzi au manyoya ya mguu wa buibui, swali lake la kwanza huwa ni lenzi gani ninunue. Mi huwa nasema lenzi iweke mwisho kabisa. Ukishavuka 1:1 kinachokuangusha ni mtikisiko, giza na fokasi nyembamba mno, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayokutibia hayo matatu. Flashi moja ya kawaida yenye karatasi laini mbele yake inatoa picha kali hata kwa lenzi ya kit (ile inayokuja na kamera) iliyogeuzwa mbele nyuma, wakati lenzi ya mamilioni bila mwanga wa maana inakupa ukungu mtupu. Kwa hiyo hela itoke kwa mpangilio huu: flashi, halafu kitu cha kusogeza kamera taratibu, halafu ndo lenzi.

Tuelewane kwanza kwenye namba. 1:1, au 1x, maana yake mdudu wa milimita 10 anatua kwenye sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha) akiwa na milimita 10 zile zile. 2x anatua na 20, 5x anatua na 50, yani kwenye sensa ya fulfremu hamalizi hata kuingia. Namba hii haihusiani kabisa na mdudu anavyoonekana mkubwa kwenye skrini ya simu yako, inahusu sensa tu. Kujua uko wapi piga picha ya rula, hesabu milimita zinazoonekana kwa upana, halafu chukua upana wa sensa ugawanye kwa hizo milimita. Kwa milimita, sensa za Canon za APS-C (ndogo kuliko fulfremu) ni 22.3, Nikon na Sony za APS-C ni kama 23.5, fulfremu ni 36, Micro Four Thirds ni 17.3. Ukiona milimita 7.4 kwenye Canon ya APS-C basi uko 3x. Mistari ya rula ya shule inakuwa minene sana ukikaribia 4x, we pima kuanzia ukingo wa kushoto wa mstari hadi ukingo wa kushoto wa mstari unaofuata, usipime katikati katikati.

Wa simu kwa kifupi. Ile kamera ya pembeni ya megapikseli 2 inayoandikwa makro kwenye simu za bei chee isahau. Tumia kamera kuu na ubandike klipu yenye lenzi ndogo, hakikisha klipu imekaa katikati kabisa ya lenzi ya simu, na usifokasi kwa kugusa skrini bali sogea mbele na nyuma mwenyewe hadi kitu kikae. Kila nitakachosema chini kuhusu mwanga kinakuhusu pia, tofauti ni kwamba flashi ya simu yenyewe haifai, chukua tochi au taa ya nje na uipitishe kwenye karatasi nyeupe.

Kupata ukuzaji

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni kugeuza lenzi. Unanunua ringi ya kugeuzia, upande mmoja inafunga kwenye kamera kama lenzi ya kawaida, upande wa pili ina uzi unaoingia pale mbele ya lenzi panapofungwa filta. Angalia tu namba ya filta iliyoandikwa mbele ya lenzi yako, 49, 52, 58 na kuendelea, ringi lazima ilingane. Lenzi ikishageuka mambo yanaenda kinyume na ulivyozoea, kadiri lenzi inavyokuwa pana, yani namba yake ya mm ikiwa ndogo, ndivyo inavyokuza zaidi. 50mm inakupa karibu 1:1, 28mm inakupa kama 2x, 24mm inasogea zaidi ya hapo, na 18-55 ya kit ukiizungusha kwenda 18 inapita 3x bila shida, ukiirudisha 55 inashuka chini ya 1:1. Umbali kutoka ncha ya lenzi hadi mdudu unabaki kama sentimita 4 na kidogo kwa lenzi nyingi za DSLR (zile kamera zenye kioo ndani), hauongezeki wala haupungui sana, na hiyo ni faida kubwa maana lenzi nyingi za kukuza sana zinakulazimisha umguse mdudu na pua.

Tatizo la kugeuza ni apecha, yani lile tundu la kupitisha mwanga ndani ya lenzi, ambalo linabana kadiri namba ya f inavyopanda. Lenzi haina tena mawasiliano na kamera, kwa hiyo lenzi za zamani zenye ringi ya apecha mwilini ndo dili, unazungusha kwa mkono basi. Ukiwa na Canon inayotumia lenzi za EF kuna ujanja, weka lenzi kawaida, chagua f/5.6 kwa mfano, bonyeza kile kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi ukishikilie, na huku umekishikilia fungua lenzi uitoe, apecha inabaki pale pale ulipoiacha. Lenzi za Nikon za aina ya G, zisizo na ringi ya apecha, zina kimkono kidogo cha chuma nyuma ambacho unakizuia kwa kipande cha kadi. Na kama mtaani kwenu kuna studio ya enzi za filamu ambayo bado ina chumba cha giza, ulizia ile lenzi ya mashine ya kukuzia picha, mfano EL-Nikkor 50mm f/2.8, hizi zilitengenezwa kwa kazi ya karibu toka mwanzo, zina ringi ya apecha, na ukiigeuza mbele ya tyubu ndefu (nazieleza hapa chini) inapiga 2x hadi 4x kwa ukali ambao utashangaa watu waliiacha kabatini.

Tyubu za kurefusha ni mapipa matupu yanayokaa kati ya kamera na lenzi, hesabu yake ni urefu wa tyubu gawanya kwa urefu wa fokasi ya lenzi, tyubu za jumla ya 50mm kwenye lenzi ya 50mm unaongeza 1x. Usizitumie na lenzi ndefu, tyubu hizo hizo kwenye 200mm zinakuongezea robo tu. Kwa lenzi ndefu kuna Raynox DCR-250, kioo kidogo cha diopta 8 kinachobana mbele ya lenzi kwa klipu na kinaingia kwenye filta za 52 hadi 67. Hesabu yake ni urefu wa lenzi gawanya kwa 125, kwa hiyo zumu ya 55-250 ikiwa imevutwa yote hadi 250 inakupa 2x, unakaa sentimita 12 hivi mbali na mdudu, otofokasi na apecha vyote vinafanya kazi. Kama tayari una zumu ya aina hiyo na unataka kitu kimoja tu cha kununua bila kuumiza kichwa, nunua hiyo. Unaweza pia kufunga 50mm ya zamani kichwa chini mbele ya 200mm kwa ringi yenye uzi pande zote mbili, 200 gawanya kwa 50, 4x hiyo, ila pembe za picha zinaweza kuwa nyeusi na uzito unaning'inia vibaya.

Lenzi maalum zipo. Canon MP-E 65mm ya mwaka 1999 inaenda 1x hadi 5x, haina otofokasi kabisa na ringi yake haifokasi, inabadilisha ukuzaji tu, fokasi ni wewe kusogea, na ikifika 5x umbali unabaki kama sentimita 4. Laowa wana 25mm ya 2.5x hadi 5x, ndogo, nyembamba mbele, na inafungwa kwenye kamera za kampuni tofauti. Zote mbili nzuri. Ila kabla ya kutoa hela hiyo angalia lenzi za hadubini. Ile ya 4x inayokaa juu ya slaidi kwenye hadubini za shule, iliyoandikwa 4/0.10 na 160 (ukuzaji, uwezo wa kukusanya mwanga yani NA, na urefu wa tyubu kwa mm), inafungwa kwenye adapta ya uzi wa RMS, ule wa lenzi za hadubini, na tyubu tupu mpaka kutoka bega la lenzi (pale uzi unapoishia) hadi sensa ifike karibu 150mm. Kwa kuwa Canon ya DSLR tayari ina 44mm ndani yake, unahitaji tyubu za kama 106. Basi umepata 4x. Zile zilizoandikwa alama ya infiniti badala ya 160 haziwezi kufanya kazi kwenye tyubu tupu, zinataka lenzi ya kawaida nyuma yake, 200mm kwa za Nikon na Mitutoyo, iliyofokasiwa mbali kabisa. Mitutoyo ya 10x yenye NA 0.28 ndo wanayoililia wataalamu kwa sababu ukiwa 10x bado una zaidi ya sentimita 3 mbele ya lenzi za kupitishia mwanga, bei yake sasa hiyo ni habari nyingine.

Usifunge apecha, tafadhali

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaona fokasi ni nyembamba, anapiga f/16 au f/22 ili apate kina, picha yote inakuwa laini kama imepakwa mafuta halafu analaumu lenzi. Kwenye makro ile f unayoisoma sio f unayoipata. Chukua f uliyoweka, zidisha kwa ukuzaji ukijumlisha moja. f/2.8 kwenye 5x ni 2.8 mara 6, sawa na f/16.8. f/8 kwenye 5x ni f/48, na f/48 mwanga unapinda kwenye lile tundu dogo kiasi kwamba nukta moja inasambaa juu ya pikseli nyingi, hakuna programu itakayoirudisha. Mwanga nao unapotea vile vile, kwenye 5x unafika kwenye sensa mara 36 kidogo kuliko ambavyo ungefika kwenye picha ya kawaida kwa f ile ile.

Kanuni ninayoenda nayo ni kubaki karibu na f/16 ya kweli: f/8 kwenye 1x, f/5.6 kwenye 2x, f/4 kwenye 3x, f/2.8 kwenye 5x. Ukipiga mkononi picha moja moja unaweza kuchokoza hadi kama f/25 ya kweli ili jicho na mdomo vyote viingie, kwa picha za kuweka mtandaoni hakuna atakayeona. Kwenye kuunganisha picha usifanye hivyo.

Ukibana apecha huwezi, ukiiachia kina cha fokasi kwenye 5x ni chini ya 0.05mm, sasa unafanyaje? Unapiga nyingi ukizisogeza kidogo kidogo na kuziunganisha. Kabla ya hapo lakini, mwanga.

Mwanga

Flashi inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuleta mwanga, ya pili ambayo watu hawaijui ni kugandisha mtikisiko. Ukiweka shata (muda kamera inaachia mwanga) 1/200 na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100 na apecha yako, piga picha bila flashi, inatakiwa itoke nyeusi tii. Ikishatoka nyeusi maana yake shata haina kazi tena, kinachopiga picha ni mwako wa flashi peke yake, na flashi ndogo ikiwa kwenye 1/16 au 1/32 ya nguvu inawaka muda mfupi sana, sehemu ya maelfu ya sekunde. Mkono wako utetemeke utakavyo. Ndo maana flashi iwe karibu mno na mdudu, sentimita chache, ili nguvu ndogo itoshe. Ukiiweka mbali inabidi uipandishe hadi 1/1, yani nguvu yote, hapo mwako unarefuka, mtikisiko unarudi na betri zinaisha. Flashi ya manyuwali tupu, unayoipangia nguvu mwenyewe, kama Godox TT600 inatosha kabisa, haihitaji akili nyingine yoyote. Nunua betri za AA za kuchaji za NiMH, zile za dukani za bei chee zinakufa kabla hujamaliza picha ishirini.

Sasa difyuza, yani kitu cha kulainisha mwanga wa flashi, na hapa nakaa kidogo. Mende, mbawakawa, nyigu, majimoto, wote wana gamba linalong'aa, flashi tupu inaacha vidoti vyeupe vilivyoungua mgongoni mwao na kila kilichobaki ni cheusi. Mwanga hautakuwa laini kwa sababu umefunika flashi kwa kitu cheupe, unakuwa laini kwa sababu eneo linalotoa mwanga ni kubwa likilinganishwa na mdudu. Mdudu wa milimita 5 akitazamana na karatasi ya sentimita 15 kwa 15 iliyo sentimita 6 juu yake ni kama yuko chini ya mbingu ya mawingu. Chukua karatasi ya kuchorea ramani ile inayoonyesha nyuma, kwenye duka la vifaa vya shule ni bei ya soda, ikunje kama paa la nusu pipa juu ya ncha ya lenzi, ibandike kwa selotepu kwenye kadibodi iliyopakwa foili ndani, na flashi ipige kutoka nyuma ya karatasi. Weka karatasi mbili zenye nafasi ya sentimita mbili kati yake, moja ikiwa karibu na flashi nyingine karibu na mdudu, hiyo nafasi ndo inayoua kile kidoti cha katikati.

Utajuaje kama difyuza yako nzuri? Tafuta buibui mrukaji, wale wadogo wa ukutani wanaogeuka kukuangalia. Macho yake mawili makubwa ya mbele ni vioo, yanakuonyesha taa yako jinsi ilivyo. Ukiona kwenye jicho kidoti kidogo kikali, difyuza mbaya. Ukiona duara pana lenye kingo zinazofifia taratibu na weusi wa jicho ukibaki mweusi, umepatia. Na hawa buibui wana stori zao, nyumba za kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya na Uganda kuna aina inayoitwa Evarcha culicivora ambayo inapendelea kula mbu walioshiba damu, kwa hiyo ukimkuta mmoja wa hao usimfagie.

Taa za LED za umeme wa ukutani ziogope kidogo, umeme wetu ni 50 Hz na taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, ukitumia shata ya kielektroniki unapata mistari mistari kwenye picha na hizo picha haziunganiki vizuri. Taa za USB zinazoendeshwa na pawa benki mara nyingi hazina hiyo shida.

Nje, mkononi

Wadudu hai hawasubiri. Toka alfajiri kabla jua halijashika, hasa sehemu za baridi kama Lushoto, Njombe au Limuru, wadudu wanakuwa wamezubaa na umande juu. Pwani joto haliwapi nafasi ya kuzubaa sana, pale tegemea wale walio bize, inzi anayenawa miguu, sisimizi aliyeng'ang'ania vidukari, au aliyelala kabisa kama nyuki aliyeuma jani.

Shika jani au kijiti chenyewe kwa mkono wa kushoto, halafu pumzisha ncha ya lenzi juu ya mkono huo huo. Sasa lenzi na mdudu vinatikisika pamoja na umbali unabaki ule ule, fokasi unaifanya kwa kukunja kidole gumba kidogo sana, sio kwa kuyumba mwili mzima. Toa pumzi nje, piga, ukiwa umelenga jicho. Ukipiga picha tatu nne mfululizo huku ukisogea mbele polepole unaweza kuziunganisha baadaye, mbili zenye jicho na moja yenye mdomo zinatosha kubadilisha picha kabisa. Kwa majimoto kwenye miembe na mikorosho mkono wa kushoto usiuguse mti, wanauma na wanamwagia asidi palipoumwa, funga kijiti kwenye stendi ya kando badala yake.

Kuna watu wanaweka wadudu kwenye friji ili watulie. Mi siungi mkono, picha zinatoka na miguu iliyojikunja na antena zimelala, anayejua wadudu anaona mara moja. Unataka aliyetulia kabisa basi okota waliokufa wenyewe dirishani au chini ya taa ya barazani asubuhi, hawaishi.

Mezani

Kuunganisha picha kwa 3x na kuendelea kunataka kamera isogee hatua ndogo zinazolingana. Kamera nyingi mpya zina kipengele cha kusogeza fokasi zenyewe, Nikon D850 ya 2017, Canon RP ya 2019, Olympus na Fuji pia, hiyo ni nzuri kwa lenzi zenye otofokasi hadi 1x au 2x ukiwa na Raynox. Lenzi iliyogeuzwa au ya hadubini inahitaji reli, yani kifaa cha kutelezeshea kamera mbele na nyuma. Zile reli za bei rahisi za njia nne zinafaa hadi 2x hivi, baada ya hapo meno yake ni makubwa mno. Za mota kama WeMacro au StackShot zinafanya kazi yote zenyewe ukiwa umelala, zikiwa ndani ya bajeti nunua.

Zisipokuwa ndani ya bajeti nenda kwa fundi chuma, Gerezani kwa Dar au Kamukunji kwa Nairobi, umwambie akutengenezee kibao kinachoteleza juu ya kingine kikisukumwa na bolti ya M6. Kwa nini M6? Kwa sababu uzi wake wa kawaida ni milimita 1 kamili, mzunguko mmoja wa bolti ni milimita moja ya kusogea. Gundisha CD ya zamani kwenye kichwa cha bolti, gawanya ukingo wake alama 100, alama moja ni 0.01mm na alama zinapishana karibu milimita 4, unaziona bila miwani. Funga ukanda wa tyubu ya baiskeli kuvuta kibao kurudi kwenye bolti ili pasiwe na mchezo kwenye uzi, na siku zote zungusha upande mmoja tu, ukipitiliza rudi nyuma sana ndo uje tena mbele. Kitu hiki hakipendezi machoni ila kinapiga.

Ukubwa wa hatua: 1x kwa f/8 sogea 0.4mm, 2x kwa f/5.6 sogea 0.1, 3x kwa f/4 sogea 0.05, 4x ya hadubini yenye NA 0.10 sogea 0.04, 5x kwa f/2.8 sogea 0.02, na Mitutoyo 10x sogea 0.005. Kwa hiyo kichwa cha nzi chenye kina cha milimita 2 kwenye 3x ni picha kama 40, kichwa hicho hicho kwenye 10x ni picha 400. Mwingereza Levon Biss, yule ambaye picha zake za wadudu ziliwekwa kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2016, alikuwa anatumia kama picha 8,000 kwa mdudu mmoja, kamera ikisogea mikroni 10 (0.01mm) kila mara, akipiga kila kipande cha mwili peke yake na kila kipande kwa mwanga wake. Sio lazima ufike huko, arobaini zinatosha kukuweka mjini.

Mtikisiko wa mezani hautoki mkononi, unatoka kwenye nyumba. Zima feni, kwanza inatikisa meza na pili inapeperusha antena. Lori likipita barabarani subiri. Kikubwa zaidi, funga reli ya kamera na kishikio cha mdudu kwenye ubao mmoja mnene, sio kamera kwenye stendi na mdudu mezani, maana ubao mmoja ukitikisika wanatikisika wote pamoja. Chini ya ubao weka vipande vya sponji. Tumia rimoti au taima ya sekunde 2, kwenye DSLR washa kipengele cha kupandisha kioo kabla ya kupiga, na chumba kiwe giza ili flashi ifanye kazi peke yake.

Mdudu mwenyewe sasa. Kwenye 4x vumbi ambalo huwezi kuliona kwa macho linageuka mawe, na kusafisha kwenye kompyuta kunachukua muda mrefu kuliko kupiga. Maabara ya nyuki ya USGS (idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani), iliyoongozwa kwa miaka mingi na Sam Droege, ambao picha zao yeyote anaruhusiwa kuzitumia bure, wanaosha nyuki wao kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, halafu wanawakausha kwa hewa ya mashine ya kukaushia nywele mpaka manyoya yanasimama upya. Inafanya kazi kwa nyuki na nzi, usijaribu kwa kipepeo, vile vigamba vya bawa vinatoka vyote. Aliyekauka na kujikunja muweke siku moja au mbili kwenye kopo lililofungwa lenye karatasi mbichi na matone ya dettol ya kuzuia ukungu, asiguse karatasi, viungo vinalainika na unaweza kumpanga miguu kwa sindano. Kisha gundi tone moja kwenye ncha ya pini upande ambao kamera haioni, pini kwenye plastisini, na nyuma yake karatasi ya rangi iliyofifia sentimita 10 nyuma, nyeusi tupu inameza antena.

Anza hatua kadhaa kabla sehemu ya karibu haijaingia kwenye fokasi na malizia kadhaa baada ya ya mwisho kutoka. Picha za ziada unafuta, picha iliyokosekana katikati inaacha ukanda laini usiozibika.

Kompyuta

Programu za kuunganisha, Zerene Stacker na Helicon Focus ndo za kulipia na zote zina muda wa kujaribu. Kwenye Zerene unganisha mara mbili kwa njia zake mbili, PMax inashika manyoya yanayopishana ila inaongeza chenga na rangi zinakolea, DMap inatunza rangi na nyuso laini ila inaacha ukungu pembeni ya manyoya. Anza na DMap, halafu ingia kwenye sehemu ya kurekebisha upake manyoya kutoka PMax. Kwenye Helicon, njia ya C ni ya manyoya na B ni ya nyuso laini. Usiye na hela chukua Picolay ya Windows, au vile vifaa vinavyokuja na Hugin, programu ya bure ya kuunganisha panorama, unavyoviendesha kwa kuandika amri: align_image_stack -m -a img *.tif kupanga, kisha enfuse --exposure-weight=0 --saturation-weight=0 --contrast-weight=1 --hard-mask -o picha.tif img*.tif kuunganisha. Piga RAW (faili ghafi la kamera), sawazisha rangi na mwanga kwenye picha moja, nakili kwenda zote, toa TIFF, kama RAM ni ndogo toa JPG za ukubwa nusu kwanza uone kama staki (lile rundo la picha za kuunganisha) ina maana kabla ya kuiacha kompyuta ikifanya kazi usiku kucha.

Ukiona mistari ya vidoti inayonyooka kutoka katikati kwenda pembeni hiyo ni vumbi kwenye sensa, programu inapopanua kila picha ili zilingane lile vumbi linaacha nyayo, na kwenye f/16 ya kweli kila punje inaonekana. Kamera yenye lenzi ya kugeuza na tyubu tupu inavuta vumbi sana, puliza sensa kabla ya kila staki, mdomo wa kamera ukitazama chini, kwa pampu ya mpira sio kwa mdomo. Na kwa sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hizi lenzi za zamani zinaota fangasi ndani haraka. Ukinunua ya mtumba mulika tochi kutoka nyuma ukiangalia kwa mbele, ukiona nyuzi nyuzi kama utando iache hapo hapo. Ukifika nayo nyumbani itunze kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na silika jeli, zile zenye rangi zikibadilika zikaange kwenye moto mdogo mpaka rangi irudi.